Jua ni lilelile, kwa nini joto la dunia linapanda?

Msomaji ameuliza: "Shuleni tulifundishwa kwamba joto lote la dunia linatoka kwenye Jua. Siku hizi naambiwa tatizo ni hewa ya ukaa, ambayo ni kama sehemu 4 tu katika kila sehemu 10,000 za hewa. Kitu kidogo hivyo kinawezaje kubadili joto la dunia nzima? Mbona hatutaji umbali wetu na Jua, au volkano, au yale mambo ya asili yaliyoleta enzi za barafu? Na mbona juu ya mlima, ambako ni karibu zaidi na Jua, ndiko kwenye baridi? La mwisho: tukiacha leo kutoa hewa ya ukaa, joto litashuka?"

Ndugu msomaji, shule haikukudanganya. Karibu joto lote la uso wa dunia linatoka kwenye Jua. Lipo pia joto linalopanda kutoka ndani ya dunia yenyewe, lakini halifiki hata wati 0.1 kwa mita ya mraba, wakati Jua linatupatia mamia ya wati. Kwa hesabu ya leo tunaweza kuliacha.

Ila kujua joto linatoka wapi hakutoshi kueleza kwa nini dunia ina joto hili ililo nalo, na si zaidi wala pungufu. Mwezi uko umbali uleule kutoka kwenye Jua. Uso wake ni mweusi kuliko wetu, kwa hiyo unafyonza sehemu kubwa zaidi ya mwanga unaoupiga. Hata hivyo mchana wake unafika nyuzi 120 za Selsiasi, usiku wake unashuka chini ya −130, na wastani wake ni wa baridi kuliko wetu kwa mbali sana. Tazama pia Zuhura. Iko karibu na Jua kuliko sisi, lakini mawingu yake mazito yanarudisha angani takriban robo tatu ya mwanga, kiasi kwamba mwanga inaoufyonza kwa kila mita ya mraba ni mdogo kuliko tunaoufyonza sisi. Pamoja na hayo uso wake una nyuzi kama 460, joto linaloyeyusha madini ya risasi. Utaridi, sayari iliyo karibu na Jua kuliko zote, haifikii joto hilo hata saa sita za mchana wake. Umbali ni jambo moja. Yanayolipata joto baada ya kufika ni jambo lingine, na hapo ndipo jibu la maswali yako yote lilipo.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ningependa kila anayeuliza swali hili aifanye kwa mkono wake angalau mara moja. Juu kabisa, kabla ya kuingia kwenye angahewa, mwanga wa Jua unabeba wati 1,361 kwa kila mita ya mraba inayolielekea moja kwa moja. Dunia ni tufe. Nusu yake iko gizani na pembezoni mwanga unaipiga kwa mshazari. Ukigawa mwanga huo kwa uso wote wa dunia unabaki na robo, yaani wati 340. Mawingu, barafu, theluji, mchanga wa majangwa na hewa yenyewe vinaakisi kama asilimia 30 ya hizo. Zinabaki wati 240 au pungufu kidogo, na hizo ndizo zinazotupasha joto.

Dunia nayo ina njia moja tu ya kulipoteza joto hilo, nayo ni kulitoa kwenda anga za mbali kama mionzi ya joto, ile ambayo jicho haliioni. Kitu kikizidi kupata joto, mionzi yake inazidi pia, tena kwa kasi. Ndiyo maana dunia hupanda au hushuka joto hadi wati zinazotoka zilingane na zinazoingia. Sasa, kitu kinachotoa wati 240 kwa mita ya mraba kina joto la nyuzi −18 hivi. Wastani wa uso wa dunia ni karibu nyuzi 15. Pana pengo la nyuzi 33, na Jua peke yake haliwezi kuliziba. Joseph Fourier, mwanahisabati wa Ufaransa, aliandika juu ya fumbo hili mwaka 1824 na tayari alihisi kwamba hewa inahusika.

Kwa hiyo chochote kinachotaka kubadili joto la dunia nzima, na kulibadilisha kwa muda mrefu, lazima kiguse moja kati ya mambo matatu: kiasi cha mwanga wa Jua kinachotufikia, kiasi kinachoakisiwa kikarudi angani, na wepesi wa joto kutoka. Kila sababu utakayotajiwa, iulize inagusa lipi. Nimezoea kuwaambia wanafunzi wangu hivyo kwa sababu swali hilo moja linapunguza mabishano mengi.

Tuanze na umbali, maana ndio unaowavutia wengi. Njia ya dunia kuzunguka Jua si duara kamili. Mwanzoni mwa Januari tuko kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua, na mwanzoni mwa Julai tuko milioni 152. Mwanga tunaoupata Januari unazidi ule wa Julai kwa asilimia 7 hivi. Kama umbali ndio ungetawala, Januari ingekuwa na joto kuliko Julai kila mahali. Kinyume chake, wastani wa dunia nzima uko juu mwezi Julai, kwa zaidi ya nyuzi 3. Sababu ni kwamba nusu ya kaskazini ndiyo yenye sehemu kubwa ya nchi kavu, na nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Julai nusu hiyo ndiyo iliyoinamia upande wa Jua. Mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.4, na mwinamo huo ndio unaoleta majira. Vyovyote iwavyo, tofauti hii ya Januari na Julai inajirudia kila mwaka, kwa hiyo haiwezi kueleza joto linalopanda mwaka hadi mwaka.

Sasa mlima, na hapa naomba subira yako kidogo, kwa sababu baridi ya mlimani ndiyo inayofungua swali la hewa ya ukaa.

Kupanda kilomita 5 kuelekea kitu kilicho umbali wa kilomita milioni 150 si kukikaribia hata kidogo. Hilo liondoe. Mwanga wa Jua unapita kwenye hewa safi bila kuipasha joto sana. Unapiga ardhi na bahari, navyo ndivyo vinavyopata joto. Hewa inapashwa kutoka chini. Ikishapata joto inapanda, na kadiri inavyopanda inakuta mgandamizo mdogo, inatanuka, na katika kutanuka inapoa. Kwa wastani joto linapungua kwa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda. Ikumbuke namba hiyo, tutaihitaji sasa hivi.

Asilimia 99 ya hewa kavu ni naitrojeni na oksijeni. Molekuli za gesi hizi mbili zina atomi mbili zinazofanana, na umbo hilo linazifanya zisiweze kuikamata mionzi ya joto. Mionzi inazipita kana kwamba hazipo. Kwa hiyo kuilinganisha hewa ya ukaa na hewa yote ni kuilinganisha na umati usiofanya kazi hiyo kabisa. Molekuli ya hewa ya ukaa ina atomi ya kaboni katikati na oksijeni kila upande. Inaweza kupinda, ikarudi, ikapinda tena, na mtikisiko huo unalingana na mionzi ya joto yenye urefu wa mawimbi ambao dunia inautoa kwa wingi. Inaikamata, kisha inaitoa tena upande wowote, juu au chini. Eunice Foote wa Marekani alijaza gesi mbalimbali kwenye mitungi ya kioo, akaiweka juani, na mwaka 1856 matokeo yake yakatangazwa: mtungi wenye hewa ya ukaa ulipata joto zaidi na ulichukua muda mrefu zaidi kupoa. Mwaka 1859 John Tyndall alianza kupima maabara jinsi gesi zinavyozuia mionzi ya joto, akaona mvuke wa maji na hewa ya ukaa vinaizuia na naitrojeni na oksijeni haziizuii.

Wengi huishia hapo, lakini sehemu iliyo muhimu zaidi ndiyo inayofuata. Mionzi inayotoka ardhini haiendi moja kwa moja hadi anga za mbali. Inakamatwa, inatolewa, inakamatwa tena, hatua kwa hatua kuelekea juu, mpaka ifike mahali ambapo hewa imekuwa nyembamba kiasi cha kuiachia iende. Kwa wastani mahali hapo ni kama kilomita 5 juu yetu. Ukiitazama dunia kutoka mbali kwa kipimo cha mionzi ya joto, kile unachokiona ni tabaka hilo, na joto lake ni zile nyuzi −18 tulizozipata kwenye hesabu. Teremka sasa hadi chini: kilomita 5 mara nyuzi 6.5 ni kama nyuzi 33. Kutoka −18 unafika 15. Pengo limezibika.

Ukiongeza hewa ya ukaa, mahali pa kutokea panasogea juu zaidi. Huko juu kuna baridi zaidi, na kitu cha baridi kinatoa mionzi kidogo. Wati zinazotoka zinapungua wakati zinazoingia hazijabadilika. Joto linalobaki linajilimbikiza hadi tabaka lile jipya lipate joto la kutosha kutoa wati 240 tena, na uso wa dunia chini yake unapanda pamoja nalo. Hewa ya ukaa haishindani na Jua, wala haitengenezi joto lolote. Inabadilisha lile jambo la tatu, wepesi wa kutoka.

Kiasi chake kinajulikana vizuri. Kabla ya viwanda hewa ilikuwa na sehemu 280 za hewa ya ukaa katika milioni. Charles David Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama 315. Leo imepita 420. Ikifika mara mbili ya ile ya zamani, wati zinazotoka zitapungua kwa karibu 4 kwa mita ya mraba. Peke yake hilo lingepandisha joto kwa nyuzi 1 na kitu. Mwanakemia wa Uswidi, Svante Arrhenius, alijaribu hesabu hiyo mwaka 1896, kwa kalamu na karatasi, na aligundua kwamba haiishii hapo.

Haiishii hapo kwa sababu ya maji. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuke ni mzuiaji mkubwa wa mionzi ya joto. Kwa jumla unazuia kuliko hewa ya ukaa. Mtu anaweza kuuliza basi kwa nini hatuulaumu mvuke. Kwa sababu haujiamulii kiasi chake. Ukizidi, unanyesha, maji yaliyopanda leo yatakuwa yamerudi chini baada ya siku 10 hivi. Hewa ya ukaa hainyeshi. Inabaki angani kwa mamia ya miaka, na sehemu yake kwa maelfu. Ndiyo inayotangulia, mvuke unafuata na kukuza.

Barafu inafanya kazi kama hiyo katika jambo la pili, la kuakisi. Theluji mpya inarudisha asilimia 80 au zaidi ya mwanga. Maji ya bahari yaliyo wazi hayarudishi hata asilimia 10. Barafu ya bahari ya Aktiki ikiyeyuka, mahali palipokuwa peupe panakuwa peusi na kufyonza, na hii ni sababu mojawapo inayofanya eneo la Ncha ya Kaskazini lipate joto upesi kuliko wastani wa dunia. Mawingu ndiyo magumu zaidi. Yale mazito ya chini yanaakisi sana na kupoza. Yale membamba ya juu sana yanaupitisha mwanga lakini yanazuia joto kutoka. Kwa jumla leo mawingu yanapoza dunia, ila namna yatakavyobadilika joto likizidi ndiyo sababu kubwa ya wanasayansi kutoa makadirio yenye upana: hewa ya ukaa ikiongezeka mara mbili, joto litapanda kati ya nyuzi 2.5 na 4, huku nyuzi 3 zikiwa ndizo zinazoelekea zaidi. Hayo ni makadirio ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021. Methani na gesi nyingine zinazozuia joto zinaongeza juu ya hayo. Moshi wa salfa unaotokana na makaa ya mawe na mafuta mazito ya meli unapunguza kidogo, kwa kuakisi mwanga.

Salfa hiyohiyo ndiyo inayonileta kwenye volkano. Pinatubo, huko Ufilipino, ililipuka Juni 1991 na kurusha tani milioni 15 hadi 20 za gesi ya salfa dioksidi juu sana, kwenye tabaka ambako hakuna mvua ya kuiosha. Gesi hiyo ikageuka ukungu wa matone madogo, ukaienea dunia yote na kuakisi mwanga. Joto la dunia likashuka kwa karibu nusu nyuzi mwaka 1992, kisha ukungu ukaanguka na joto likarudi. Tambora ya Indonesia, mwaka 1815, ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka uliofuata sehemu za Ulaya na kaskazini-mashariki mwa Marekani hazikupata kiangazi, mazao yakaharibika na watu wakafa njaa. Kwa hiyo ndiyo, volkano zinabadili joto, lakini kwa miaka michache, na kwa kulishusha. Hewa ya ukaa zinazotoa kwa mwaka haifiki asilimia 1 ya ile inayotokana na shughuli za binadamu. Tena kaboni ya makaa ya mawe na mafuta ina alama yake: kati ya aina za kaboni zenye uzito tofauti, ina kaboni-13 kidogo na haina kaboni-14, na hewa yetu imekuwa ikibadilika kufuata alama hiyohiyo.

Enzi za barafu ni swali zuri kuliko yote uliyouliza. Milutin Milanković, mhandisi na mwanahisabati wa Serbia, alitumia miaka mingi kupiga hesabu za jinsi njia na mwinamo wa dunia unavyobadilika polepole. Mwinamo unakwenda kati ya nyuzi 22.1 na 24.5 katika mzunguko wa miaka 41,000. Umbo la njia linabadilika kwa takriban miaka 100,000. Mabadiliko haya hayaongezi wala kupunguza sana jumla ya mwanga wa mwaka. Yanabadilisha mwanga huo unaangukia wapi na msimu gani. Kiangazi cha kaskazini kikidhoofika, theluji ya mwaka mmoja haimalizi kuyeyuka kabla ya nyingine kuja, barafu inakua, inaakisi zaidi, bahari inapoa na kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika yanaonyesha hewa ya ukaa ikishuka hadi sehemu 180 katika milioni wakati wa baridi na kupanda hadi karibu 280 wakati wa joto, mara kwa mara katika miaka 800,000. Miaka 20,000 hivi iliyopita dunia ilikuwa na baridi kuliko kabla ya viwanda kwa nyuzi 5 au zaidi, na bahari ilikuwa chini kwa mita 120.

Watu hunitajia historia hii kana kwamba inaitetea hewa ya ukaa. Mimi naiona kuwa shahidi mzito dhidi yake. Msukumo mdogo wa mwanga ulitosha kugeuza sura ya mabara kwa sababu barafu na hewa ya ukaa viliukuza. Na mabadiliko yale yalichukua maelfu ya miaka. Kutoka 280 hadi zaidi ya 420 tumekwenda ndani ya karne mbili hivi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokea baada ya 1958.

Je, Jua lenyewe halijaongezeka nguvu? Satelaiti zimekuwa zikilipima tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Linapanda na kushuka kwa asilimia 0.1 katika mzunguko wa miaka 11, na athari yake kwenye joto letu ni kama sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Katika miongo hiyo yote joto la dunia limepanda, na Jua halijaonyesha kupanda. Upo pia ushahidi ambao kwangu unafunga mjadala. Jua lingekuwa ndilo chanzo, angahewa ingepata joto kuanzia juu hadi chini. Vipimo vinaonyesha tabaka la chini linapata joto huku tabaka la juu yake, la stratosfea, likipoa. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa hewa ya ukaa inapoongezeka, na sivyo Jua lingefanya.

Kitu kimoja hakibadilishi jumla lakini kinawachanganya watu: bahari. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linaingia humo. Katika mwaka wa El Niño bahari ya Pasifiki inaachia sehemu ya joto lake hewani, na katika La Niña inalificha, kwa hiyo miaka haipandi kwa mstari ulionyooka. Mwaka 2024, uliofuata El Niño, ulikuwa wa joto kuliko yote iliyopimwa, karibu nyuzi 1.55 juu ya wastani wa 1850 hadi 1900 kwa hesabu ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Mwaka mmoja ukiwa na baridi kuliko uliotangulia, usidhani joto limegeuka.

Na swali lako la mwisho. Tukiacha leo kutoa hewa ya ukaa, joto halitashuka upesi, lakini kwa makadirio bora tuliyonayo litaacha kupanda ndani ya miaka michache. Nguvu mbili zitapingana: bahari, ambayo bado haijamaliza kupata joto, itataka kulivuta juu, hewa ya ukaa, ikianza kupungua polepole kwa kufyonzwa na bahari na mimea, itataka kulivuta chini. Zinakaribia kulingana, hivyo joto litabaki karibu palepale lilipofikia, kwa karne nyingi. Methani tukiipunguza, nafuu itaonekana mapema zaidi, kwani inadumu angani kwa miaka 12 hivi tu. Usawa wa bahari utaendelea kupanda kwa karne nyingi hata hapo, kwa sababu maji ya vilindi bado yatakuwa yanapata joto na kutanuka, na barafu kubwa za nchi kavu huyeyuka taratibu. Kiwango ambacho joto litasimama kinategemea karibu moja kwa moja jumla ya hewa ya ukaa tutakayokuwa tumeitoa mpaka siku hiyo.